Barabara Ndiyo Iliyomlipa: Uchambuzi wa Kisa cha Mpiga Gitaa na Kiongozi wa Bendi ya Bluzi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha mtu halisi. Jina lake, jina alilolipatia gitaa lake, majina ya nyimbo, ya kampuni na ya watu aliofanya nao kazi yameondolewa. Miaka, miji na hesabu vimebaki, kwa kuwa kisa cha kiongozi wa bendi kisicho na hesabu hakimfundishi mtu kitu. Humu tunamwita Kiongozi. Wapo watakaomtambua mapema, nao tunawaomba wamsome safari hii kama mwajiri, mwenye basi na mwenye madeni. Upande huo wa maisha yake husimuliwa kidogo, ilhali ndio unaoeleza kwa nini alidumu jukwaani kwa takriban miaka 65.

Swali tunaloliweka mezani ni moja: bendi ya kudumu, inayolipwa mshahara mwaka mzima, ni mzigo au ni mtaji?

Usuli

Alizaliwa mwaka 1925 katika Delta ya Mississippi, nchi ya mashamba ya pamba. Wamarekani Weusi wengi wa pale walilima kwa kugawana mavuno: mwenye shamba anatoa ardhi, mbegu na chakula cha mkopo, msimu ukiisha anakata chake, na mkulima mara nyingi anaondoka bado anadaiwa. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto. Alipokua akawa dereva wa trekta, kazi ya heshima shambani. Mwaka 1946, akiwa anaegesha, trekta lilijisukuma baada ya kuzimwa na bomba lake la moshi likavunjika. Kwa hofu ya mwenye shamba alikimbilia Memphis, gitaa mkononi. Baada ya miezi kadhaa akarudi, akafanya kazi mpaka akalipa uharibifu, na mwaka 1948 akaondoka tena, safari hii moja kwa moja.

Msomaji alishike tukio hilo. Chombo cha moto kuharibika, deni kubaki, na mwenyewe kurudi kulipa: litakuja tena likiwa kubwa zaidi.

Memphis alianza kwa dakika 10 kila siku redioni, kwenye kituo kilichokuwa cha kwanza Marekani kuelekeza vipindi vyake vyote kwa wasikilizaji Weusi. Aliimba na kutangaza dawa ya kuongeza nguvu. Kwa dakika hizo hakupewa fedha. Malipo yake yalikuwa ruhusa ya kutaja hewani ni wapi atapiga usiku huo. Ukiangalia kwa jicho la biashara, hiyo ilikuwa biashara nzuri, maana ukumbi mmoja ng'ambo ya mto, West Memphis, ulimwajiri kwa sharti kwamba atautaja redioni. Baadaye akawa mtangazaji kamili wa kuchezesha santuri, na hapo akapata shule ambayo asingeweza kuilipia: maktaba ya kituo. Alisikiliza wapiga gitaa wa jazi, waimbaji wa bluzi wa mjini, na okestra kubwa zenye safu nzima za saksafoni na tarumbeta. Hamu yake ya kusimama mbele ya bendi yenye ala za kupuliza ilianzia pale.

Majira ya baridi ya 1949, akipiga kwenye ukumbi mdogo wa dansi huko Arkansas, wanaume wawili walipigana na kuliangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa ili kupasha joto. Ukumbi ukashika moto. Alishatoka nje salama alipokumbuka gitaa, akarudi ndani kulichukua. Gitaa lenyewe lilikuwa la dola 30. Watu husimulia jambo hili kama mapenzi ya ala, na mapenzi yalikuwepo, lakini kwa mpigaji asiye na akiba gitaa la dola 30 lilikuwa ndilo ajira yake yote.

Sauti: mdomo kwanza, gitaa linajibu

Kabla ya kuingia kwenye basi na madeni, inafaa kueleza bidhaa yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyofanya hesabu nyingine ziwezekane.

Binamu yake wa Memphis alikuwa hodari wa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Kiongozi alijaribu, mkono wake ukakataa. Akatafuta njia ya kupata mlio ule kwa kidole kitupu: anabonyeza uzi, anaachia kidole gumba kitoke kwenye shingo ya gitaa, na kutikisa kiganja chote kutoka kwenye kifundo cha mkono, kama mtu anayetikisa kufuli aone kama limefunga. Noti moja inatetemeka na kudumu kama sauti ya mwimbaji.

Atakaye kuliona kwa karibu achukue ufunguo wa B maina, yaani mpangilio wa noti wenye sauti ya huzuni. Aweke kidole cha shahada kwenye uzi wa pili, freti ya 12 (freti ni vipande vya chuma vinavyokata shingo ya gitaa). Hiyo ni B, nyumbani. Uzi wa kwanza freti ya 12 ni E, ya 14 ni F kali, yaani F iliyopandishwa nusu hatua. Uzi wa tatu freti ya 14 ni A. Uzi wa pili freti ya 14 ni C kali, na ukiusukuma uzi huo juu kwa nusu hatua unapata D, noti inayoupa ufunguo huzuni yake. Eneo lote hilo ni freti tatu kwa nyuzi tatu, na sehemu kubwa ya kazi yake maarufu inakaa humo. Wanaoanza hukosea kwa kuusukuma uzi bila kufika: D inabaki chini kidogo, na msikilizaji asiyejua muziki hata chembe atahisi kuna kitu kimepinda. Dawa ni kupiga kwanza D halisi kwenye freti ya 15, kuishika masikioni, kisha kurudi freti ya 14 na kuifuata.

Jambo la pili ni kwamba hakuwa akiimba na kupiga kwa wakati mmoja. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linajibu. Maana yake ni kwamba wakati anaimba hakuna gitaa linaloshikilia mdundo, na wakati gitaa linajibu hakuna anayeimba. Besi, drams, kinanda na ala za kupuliza lazima wawepo, wawe wale wale, na wajue atanyamaza wapi. Mtu wa namna hii hawezi kwenda na gitaa lake peke yake, na hapendezi na bendi ya kuokoteza mjini jioni ile ile. Mtindo wake wenyewe ulimdai bendi ya kudumu. Wengi hudhani alibeba bendi kubwa kwa fahari. Sikiliza nafasi anazoziacha kati ya mistari na utajua sababu.

Mfuatano wa matukio

*Kuanzia bendi ya watu hadi bendi yake (1949–1955).* Alirekodi nyimbo za kwanza mwaka 1949, zikapita kimya. Mwaka uliofuata alichukuliwa na kampuni ndogo ya Los Angeles, tutakayoiita Kampuni ya Kwanza. Wimbo uliorekodiwa Memphis mwaka 1951, kwenye chumba cha jengo la YMCA kilichogeuzwa studio ya muda, ulikaa nambari 1 kwenye chati ya muziki wa Weusi kwa wiki 5 mwanzoni mwa 1952. Mialiko ikafurika. Wakala wa Texas alimuunganisha na okestra iliyokuwa tayari na kiongozi wake. Kwa miaka mitatu hivi alisafiri akiwa mwimbaji wa mbele kwenye bendi ya mtu mwingine. Hakuwa na kazi ya kulipa mishahara, lakini pia hakuwa na neno juu ya nani anapiga nini.

*Basi (1955–1958).* Karibu mwaka 1955 aliunda bendi yake, watu zaidi ya kumi, akanunua basi. Mwaka 1956 walipiga maonyesho 342. Mwaka huo ulikuwa na siku 366, kwa hiyo zilibaki 24 za kurekodi, kuugua, kufua nguo na kutengeneza basi. Kumbi zilikuwa zile za mtandao wa Weusi wa kusini na mashariki: mabaa, maghala ya tumbaku, kumbi za dansi, sinema. Hoteli nyingi za njiani hazikupokea Weusi na mikahawa mingi haikuwahudumia, kwa hiyo basi lilikuwa kitanda na jiko pia. Waliolala humo ndio walioshuka saa mbili usiku wakiwa wamevaa suti zinazofanana.

*Daraja huko Texas (1958).* Wikendi moja basi liligongana na lori la gesi darajani. Kiongozi mwenyewe hakuwemo. Wanamuziki walinusurika, waliokuwa kwenye lori hawakubahatika. Bima alikuwa nayo, amelipia. Lakini siku chache kabla, serikali ilikuwa imeisimamisha kampuni ile ya bima, na ajali ilipotokea basi lilikuwa barabarani bila kinga yoyote. Madai yaliyomwangukia yalifika takriban dola 100,000.

*Kampuni ya Pili na miaka ya kiza (1962–1967).* Mwaka 1962 alihamia kampuni kubwa yenye wasanii wa kitaifa. Kampuni ya Kwanza ilibaki na kanda zake nyingi, ikaendelea kuzitoa moja moja. Mwaka 1964 wimbo uliomwingiza kwa mara ya kwanza kwenye 40 bora za chati kuu ya Marekani ulikuwa wa kanda hizo za zamani: sifa zake, soko la wengine. Wakati huo huo vijana Weusi walikuwa wamehamia kwenye muziki wa soul. Bluzi kwao ilikuwa sauti ya shamba walilolikimbia wazazi wao. Aliwahi kuzomewa jukwaani kabla hajapiga noti, na mwenyewe alisema baadaye kwamba iliuma kuliko ubaguzi wa njiani, kwa sababu hawa walikuwa wake.

Tarehe 21 Novemba 1964, kwenye ukumbi wa sinema wa Weusi huko Chicago, Kampuni ya Pili ilirekodi onyesho lake. Wapigaji walikuwa wachache: ala za kupuliza, ogani, besi, drams na yeye. Ile bendi ya watu zaidi ya kumi ilikuwa imepunguzwa sana. Piano ya ukumbi ilikuwa mbovu, na kwa maelezo ya mpiga piano mwenyewe aliambiwa akae tu kwenye ogani, ala asiyoizoea, ajifanye anapiga. Santuri ile leo inahesabiwa miongoni mwa kumbukumbu bora za bluzi ya jukwaani zilizowahi kurekodiwa.

*San Francisco (Februari 1967).* Alipofika kwenye ukumbi aliokuwa akiufahamu kama wa Weusi alikuta vijana Weupe wenye nywele ndefu wamekaa hadi kwenye ngazi. Akadhani wakala amekosea anwani. Alipotangazwa walisimama wote kabla hajagusa uzi. Alilia jukwaani. Vijana hao walikuwa wamemsikia kupitia wapiga gitaa wa roki wa Marekani na Uingereza waliomtaja kama mwalimu wao.

*Meneja (1968–1970).* Mwaka 1968 mhasibu wake akawa meneja wake. Mkataba na Kampuni ya Pili ukapangwa upya, wakala akabadilishwa, na maonyesho yakaanza kuelekezwa vyuoni, klabu za jazi na hoteli za Las Vegas. Juni 1969 akarekodi New York wimbo wa zamani wa mtunzi mwingine, wa mwaka 1951, ambao alikuwa ameubeba kichwani kwa miaka bila kuupatia sura. Mwisho wa mwaka huo alifungua maonyesho ya bendi ya roki ya Kiingereza iliyokuwa ikijaza viwanja vya ndani Marekani nzima. Mwaka 1970 wimbo ule ulifika nambari 15 kwenye chati kuu. Alikuwa na miaka 44.

*Baada ya hapo* njia ilikuwa pana. Septemba 1974 alipiga Kinshasa, kwenye tamasha la siku tatu lililopangwa sambamba na pambano la Ali na Foreman. Pambano likasogezwa mbele hadi 30 Oktoba kwa jeraha la Foreman, muziki ukapigwa bila kungoja. Aliendelea na maonyesho zaidi ya 200 kwa mwaka hata baada ya kuvuka miaka 70.

Maamuzi na sababu zake

*Kutovunja bendi baada ya ajali.* Ushauri wa kawaida mwaka 1958 ungekuwa kuvunja bendi, kuuza vyombo, na kupiga na wapigaji wa mjini popote alipoalikwa hadi deni liishe. Alifanya kinyume: akapata basi jingine, bendi ikarudi barabarani. Ili kuelewa kwa nini hilo halikuwa wazimu, tazama santuri zilikuwa zinamlipa nini.

Sheria ya Marekani ilikuwa imeweka mrabaha wa senti 2 kwa kila wimbo katika kila nakala, kiwango kilichodumu kuanzia 1909 hadi 1977. Kwa desturi, nusu inakwenda kwa mchapishaji wa muziki na nusu kwa mtunzi. Wenye Kampuni ya Kwanza waliandika majina ya bandia pembeni ya jina lake kama watunzi wenza wa nyimbo, na hivyo nusu ya nusu ikarudi kwao. Chukua wimbo wake uliouza nakala 100,000. Mrabaha ni dola 2,000. Mchapishaji 1,000. Mtunzi asiyekuwepo 500. Yeye 500. Yaani nusu senti kwa nakala. Kwa nusu senti, kulipa deni la dola 100,000 kungehitaji nakala milioni 20. Hata tukiongeza malipo yake kama msanii, ambayo katika kampuni ndogo za siku zile yalikuwa haba na hukatwa gharama za studio kwanza, hesabu haikaribii.

Fedha iliyokuwa inamfikia mkononi ni ya mlangoni: kiingilio, asilimia, malipo ya usiku ule ule. Na kiingilio kililetwa na onyesho, na onyesho lilikuwa bendi. Angevunja bendi ili alipe deni, angekuwa ameuza jembe msimu wa kupanda.

*Kukubali nusu kwa nusu.* Prodyuza wa Kampuni ya Pili alitaka wapigaji wa studio wa New York, vijana wenye mdundo wa wakati ule. Kiongozi alikuwa na watu wake, waliokula naye njiani. Wakaafikiana: santuri ndefu iliyotoka 1969 iwe na nusu iliyorekodiwa klabuni na bendi ya barabarani, na nusu ya studio na wapigaji wa prodyuza. Matokeo ya nusu ya studio yakampa Kiongozi ujasiri wa kurekodi santuri iliyofuata nzima kwa njia hiyo. Hapa kuna ufundi wa uongozi unaofaa kutazamwa pole pole. Hakuitupa bendi. Aliitenganisha kazi ya kurekodi na kazi ya kupiga mbele ya watu, na bendi ikaendelea kula kwenye ile inayolipa kila usiku. Wimbo ulipovuma, wao ndio waliousambaza nchi nzima.

*Kupaka vayolini juu ya bluzi.* Wimbo ule wa 1969 ni wa B maina, baa 12, yaani vipimo 12 vya mdundo kwa kila mzunguko. Baa nne za B maina, mbili za E maina, mbili za kurudi B maina. Kisha baa moja ya G yenye saba kubwa, moja ya F kali saba, na mbili za kufunga. Bluzi ya kawaida kwenye baa ya tisa ingekwenda moja kwa moja kwenye kodi ya tano (kodi ni noti zinazopigwa kwa pamoja), ambayo hapa ni F kali. Hapa inapitia G kwanza, na mlango huo mdogo unaleta hisia ya mtu aliyefika mahali akakuta pameshahamwa. Baada ya kipindi cha kurekodi prodyuza alipendekeza waongezwe wapiga vayolini na selo. Kampuni ilikuwa imewahi kumfunika kwa vayolini mwanzoni mwa miaka ya 1960 na matokeo yalikuwa mazito kama shuka lililolowa. Tofauti ni mpangilio: safari hii nyuzi zinaingia taratibu, zinashika noti ndefu nyuma, na zinamwachia gitaa sehemu zake zote za kujibu. Anayepanga ala juu ya mwimbaji wa namna hii aulize kwanza wapi pasiguswe.

*Kumfanya mhasibu kuwa meneja.* Uamuzi huu haukuwa na mvuto wowote wa jukwaani, nao pengine ndio uliookoa nusu ya pili ya maisha yake ya kazi. Miaka yote ya basi alikuwa mwajiri: mshahara kila wiki, makato ya kodi ya kila mfanyakazi, bima, matengenezo, posho. Deni la kodi lilikuwa limempata katika miaka ya 1960. Mtu aliyejua vitabu vyake ndiye aliyejua ni usiku upi una faida na upi unaonekana tu kuwa na faida kwa sababu ukumbi umejaa.

Matokeo

Tuzo 15 za Grammy za mashindano. Klabu yenye jina lake Memphis, mtaa ule ule alikoanzia, mwaka 1991. Mfano wa gitaa uliotengenezwa kwa matakwa yake mwaka 1980, bila matundu ya mbele, kwa kuwa matundu hayo yalikuwa yanafanya gitaa lipige mluzi sauti ya amplifaya ikipanda, na kwa miaka alikuwa akiyaziba kwa matambara. Wapigaji waliokaa naye miaka mingi, wengine hadi uzee wao.

Upande wa pili wa daftari: ndoa mbili zilizovunjika, ya mwisho mwaka 1966, zote zikiwa zimeshindana na ratiba. Nyimbo za miaka yake ya ujana zilizowaingizia wengine fedha kwa muda mrefu. Na takriban miaka kumi, kuanzia daraja la Texas, ya kupiga kwa ajili ya jana.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Turudi kwenye swali. Bendi ya mshahara ilikuwa mtaji, na ushahidi ni kwamba kila mara hali ilipombana, bendi ndiyo iliyobaki na kitu cha kuuza. Mwaka 1964 kwa bendi ndogo na ogani isiyozoeleka walitoa onyesho la kudumu kwa sababu walikuwa wamepiga programu ile mamia ya mara. Mpiga drams alijua kunong'ona wimbo unaposhuka. Saksafoni zilijua kutoingia. Hakuna mazoezi ya wiki mbili yanayonunua hilo.

Lakini mshahara una tabia yake. Bendi ya kulipwa kwa onyesho, usiku usio na kazi hauna gharama. Bendi ya mshahara, usiku mtupu unakula. Hiyo ndiyo maana halisi ya 342: si bidii peke yake, ni hesabu iliyokuwa inamsukuma kutoka nyuma. Na ratiba ya namna hiyo haimwachii kiongozi siku ya kukaa na karatasi. Mikataba ya hakimiliki ilisainiwa na mtu anayewahi basi. Tunadhani makosa yake ya karatasi na ufanisi wake wa jukwaani vilitoka kwenye chanzo kimoja, na kumlaumu kwa moja huku ukimsifu kwa jingine ni kutoliona jambo zima.

Kuhusu bima, haki yake tuiseme: hakuwa mzembe. Alilipia. Kilichokosekana ni mtu mwenye kazi ya kuuliza, kila mwezi na kabla ya kila safari ndefu, kama kampuni ya bima bado ina leseni, kama hati inataja gari lile na abiria wa kulipwa, na kama kiwango chake kinafidia watu wa gari jingine pia. Kilichokosekana cha pili ni ukuta kati ya basi na mwenye basi. Chombo kikiwa mali ya kampuni iliyosajiliwa, madai kwa kawaida huishia kwenye mali ya kampuni. Basi lilipokuwa lake na biashara ikiwa yeye mwenyewe, deni la darajani lilimfuata hadi kwenye kila bahasha ya usiku.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshafikiria bendi zetu za dansi. Tanzania, bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, na bendi nyingine zikafuata chini ya jumuiya na mashirika. Vyombo, gari na mishahara vilikuwa vya mwenye bendi. Mpigaji alilala akijua mwisho wa mwezi upo, na ajali ya gari haikuwa deni lake. Gharama yake ilikuwa kwamba akihama anaacha vyombo, na jina la bendi linabaki nyuma. Kiongozi wa kisa hiki alikuwa na jina, bendi na vyombo vyote mkononi mwake, na kila hatari nayo mkononi mwake. Wapigaji wa leo wanaonunua vyombo vyao kwa mkopo Dar es Salaam au Nairobi wako karibu zaidi na yeye kuliko walivyo karibu na wazee wao wa dansi, na ni kwao hesabu ya darajani ina uzito.

Kwenye mabadiliko ya hadhira, alichofanya vizuri ni kidogo kuliko inavyosimuliwa, na ni kikubwa kwa sababu hiyo hiyo. Hakugeuza muziki ili awafuate vijana wa San Francisco. Alipiga kile kile alichokuwa anakipiga Chicago. Kilichobadilishwa ni mahali, bei na mtu wa kuandaa ratiba. Wimbo uliovuma 1970 ulikuwa bluzi ya baa 12 kama zile za 1951. Umevalishwa vingine tu. Pale kampuni ilipojaribu kumbadilisha yeye mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, hakuna aliyenunua, si wa zamani wala wapya.

Lipo lililobaki bila kujibiwa hadi mwisho. Mashine yote hii ilitembea kwa mwili wa mtu mmoja. Miaka ya mwisho alikuwa na kisukari, akipiga ameketi. Bendi ilimtangulia kwa vipande vya ala kabla hajaingia, na vipande hivyo viliongezeka urefu kadiri nguvu zake zilivyopungua. Alikuwa na wapigaji wa kiwango cha juu na viongozi wa bendi walioweza kuendesha onyesho zima, ila hakuna tiketi iliyouzwa kwa majina yao. Mwanzoni mwa Oktoba 2014, Chicago, alishindwa kumaliza onyesho. Maonyesho 8 yaliyokuwa yamebaki kwenye ziara yalifutwa, naye akafariki Mei 2015 akiwa na miaka 89. Kwa wanamuziki waliokuwa nyuma yake jukwaani usiku ule wa Chicago, kazi iliishia hapo.